Wamekubali, Lakini Je, Wameridhia?

Barua ya posa imefika, wazee wametabasamu, soda zimenyweka. Subiri kidogo kabla hujachapisha kadi! Mimi mtoto wa Kurui nakuletea somo la kuipima "ndiyo" uliyopewa, kwa wakwe na hata ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Siku hizi mjini tuna neno moja linalofanya kazi zote: kuapruvu. Bosi kaapruvu likizo. Mhasibu hajaapruvu safari. Mama mwenye nyumba kaapruvu tupake rangi sebuleni. Hata shosti ukimwonyesha picha ya mshikaji mpya anakujibu, "Huyo nimemuapruvu!" Yaani neno limekuwa kama Panadol, maumivu yote linatibu.

Mimi nafanya kazi ofisi ya utumishi katikati ya Dar, kwa hiyo nalijua vizuri. Mezani kwangu kila fomu ina jina, tarehe na mahali pa saini. Saini ikishatua jambo limepita, na hakuna anayeuliza kama aliyesaini alikuwa anacheka au amenuna.

Lakini kwetu ni Kurui, wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani. Unatoka Gongo la Mboto, unapita Pugu, unafika Kisarawe mjini, halafu unaendelea ndani kwenye mikorosho na minazi. Ukifika huko na neno lako la ofisini hutafika nalo mbali. Kule "ndiyo" zipo nyingi, kila moja ina jina lake na uzito wake. Mchumba wangu, kijana wa Kinyamwezi kutoka Tabora, alizijua moja baada ya nyingine wakati wa posa yetu. Naandika haya kwa sababu nimeona wenzangu kadhaa wamelipia ukumbi na kushonesha sare, kumbe "ndiyo" waliyopewa haikuwa ile waliyodhani.

"TUMESIKIA" SI "TUMEKUBALI"

Washenga wetu walikuwa wawili. Walikwenda Kurui Jumamosi moja na barua ndani ya kitambaa cheupe. Wakakaribishwa, wakala wali na kuku, wakajieleza. Baba mdogo akaipokea barua kwa mikono miwili, akasema: "Wageni wetu, barua yenu tumeipokea na maneno yenu tumeyasikia. Nendeni salama, majibu mtayapata."

Kabla gari lao halijatoka Kisarawe, mchumba wangu alishanitumia ujumbe: "Mama, wameapruvu!" Usiku ule ule rafiki zake wakaunda kamati, wakamchagua mweka hazina, na mmoja akaanza kuulizia bei za ukumbi kule Ilala.

Ikabidi nimkalishe chini. Nikamwambia, kupokea barua ni adabu tu. Mzee hata kama hataki kabisa kukuoza binti yake, barua ataipokea, maana kuikataa mkononi ni tusi. "Tumesikia" maana yake ni kwamba bado hawajakaa kuijadili. "Majibu mtayapata" maana yake majibu hayajapatikana. Hakuna aliyesema "tumekubali", achilia mbali "tumeridhia".

Tena kulikuwa na jambo jingine lililowachanganya washenga. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi waliposhuka pwani na pembe za ndovu kwa kupita nchi ya Wazaramo. Basi babu mmoja pale barazani akamwambia mshenga, "Mnyamwezi kwetu haoi, anabeba mizigo!" Watu wakacheka. Mshenga mdogo, mtoto wa mjini, akarudi amenyong'onyea, akidhani tumekataliwa hadharani.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa habari njema kuliko zote za siku ile! Mtani akikutania tayari amekuhesabu mtu wa karibu. Cha kuogopa ni ile "karibuni sana" iliyonyooka, isiyo na cheko wala swali. Ukisikia hiyo, msomaji wangu, ujue kazi bado ipo.

KILA NENO LINA MWENZAKE

Nilichomfundisha mchumba wangu ni kusikiliza neno linakwenda na kitenzi gani. Hapo ndipo siri ilipo.

RUHUSA huombwa, hutolewa na hunyimwa. Anayeitoa yuko juu yako: mwalimu, bosi, mzazi. Tena ruhusa ina mwisho, ya siku tatu ni ya siku tatu. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu mmoja kila siku "anaomba ruhusa" na mwingine kila siku "anatoa ruhusa", mmeshapanga nani yuko juu na nani yuko chini, hata kama hamkukaa kikao.

IDHINI ni ruhusa iliyovaa koti. Walii anatoa idhini ya kuozesha. Daktari anataka idhini kabla ya upasuaji. Idhini ina mashahidi au ina saini, na ukiulizwa baadaye lazima uweze kuionyesha.

KIBALI ni karatasi: kibali cha ujenzi, kibali cha kazi, kibali cha kuvuna msituni ambacho wachoma mkaa wa Kisarawe wanakijua sana. Kibali hukaguliwa, huisha muda, hufutwa.

KUUNGA MKONO na KUPITISHA ni maneno ya kikao. Unaweza kuunga mkono hoja ambayo haikuhusu, na kikao kinaweza kupitisha jambo wakati nusu ya waliokaa wanasinzia.

BARAKA hutolewa mwishoni. Anayebariki hafanyi uamuzi, anaumwagia maji ya baridi uamuzi uliokwisha kufanywa.

Halafu kuna RADHI na RIDHAA. Yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini angalia yanavyobadilika yakibadilisha mwenza. Ukiwa radhi, uko tayari. Ukiomba radhi, umekosa na unataka msamaha. Ukipata radhi za wazazi, umeondoka na dua zao. Na ridhaa je? Ridhaa inatoka ndani ya mtu. Hakuna mwenye cheo anayeweza kuridhia kwa niaba ya moyo wa mwenzake.

Sasa fanya jaribio dogo. Kiswahili kinakuruhusu kusema "amekubali shingo upande". Kinakuruhusu kusema "amekubali yaishe", au "amekubali kwa kulazimishwa". Jaribu kusema "ameridhia shingo upande" uone kama ulimi haukugomi! Kukubali kunaweza kuwa kwa mdomo peke yake. Kuridhia hakuwezi. Somo lote la leo liko hapo.

KILEMBA CHA MJOMBA

Wiki tatu zikapita kimya. Mchumba wangu akaanza kukosa usingizi. "Si baba mdogo yupo? Kinachosubiriwa nini?"

Kinachosubiriwa ni mjomba, mpenzi. Kwa desturi ya Wazaramo ukoo unafuata upande wa mama, na kaka wa mama ana kauli nzito kwa watoto wa dada yake. Mama yangu ni marehemu, kwa hiyo kauli ya mjomba ilizidi uzito. Siku ile ya barua mjomba hakuwepo. Baba mdogo asingeweza kusema zaidi ya "tumesikia" hata kama angetaka.

Watu wengi wa mjini wanaiona orodha ya posa kama bili ya hoteli. Mkaja wa mama, ubeleko, kilemba, wanajumlisha chini, wanalalamika. Lakini ukiitazama vizuri, kila kitu pale kina mwenyewe, na kupokewa kwake ni jibu la huyo mwenyewe. Mama akipokea mkaja, mama amejibu. Mwenye kilemba akikipokea, naye amejibu. Na kama kitu kimerudishwa, usitume mtu kuuliza bei, tuma mtu kuuliza kuna nini.

Kisheria mambo haya hayafungi ndoa wala hayaivunji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama desturi za mahari na zawadi hazikufuatwa. Kwa hiyo hakuna hakimu atakayekuuliza kilemba. Atakayekuuliza ni mjomba, siku ukigonga mlango wake usiku kwa sababu mambo ya ndoa yamekushinda.

Nikaenda Kurui mwenyewe. Shikamoo, marahaba, habari za mjini, habari za korosho. Mwishoni mjomba akasema: "Mwanangu, huyo kijana simkatai."

Umeisikia hiyo? "Simkatai". Mtu wa haraka angeshukuru na kuondoka. Mimi nikakaa kimya nisikie iliyofuata.

"Ila lile shamba la mikorosho aliloacha mama yako. Siku huyo bwana akitaka kuliuza, nani atamzuia?"

KISARAWE HAWAPENDI "NDIYO" YA HARAKA

Usimcheke mjomba. Watu wa wilaya hii wanajua "ndiyo" ya haraka inavyoweza kugharimu.

Miaka ya 2000 kampuni ya Sun Biofuels, yenye asili ya Uingereza, ilipata hekta 8,211 za ardhi ya vijiji 11 vya Kisarawe ili ilime mibono, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya mitambo. Vijiji vilikaa mikutano, mihtasari ikaandikwa. Zilikuwepo ahadi za ajira na huduma kama maji na afya, ambazo nyingi zilibaki za mdomo. Mwaka 2011 mradi ukakwama, mamia ya vibarua wakarudi nyumbani.

Na ardhi? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla hairudi kijijini yenyewe eti kwa sababu mwekezaji ameondoka. Tena sheria hiyo hiyo ina maneno mawili tofauti ya kutazama. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha au unakataa. Likizidi hapo, kijiji kinapendekeza, anayeamua ni waziri. Kuidhinisha na kupendekeza! Ukiwa umekaa chini ya mwembe mkutano unavyoendelea, kunyoosha mkono ni kule kule, lakini uzito wa mkono wako si ule ule.

Ndiyo maana mzee wa Kisarawe ukimwomba jambo kubwa anasema kwanza "tumesikia". Hakuringii. Anajinunulia muda wa kufikiri. Hata serikali inafanya hivyo hivyo: Sheria ya Ndoa, kifungu cha 18, inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulisema.

Basi nikamjibu mjomba kwa sheria hiyo hiyo. Kifungu cha 58: kuolewa hakubadilishi mwenye mali, shamba lililokuwa langu kabla ya ndoa linabaki langu. Kifungu cha 59: hata nyumba ya familia, mume au mke mwenye jina lake kwenye hati hawezi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mjomba akaniuliza mara mbili, "Imeandikwa?" Nikasema imeandikwa. Akanyamaza, akatazama mikorosho, kisha akasema maneno matatu tu:

"Basi, leteni kilemba."

Hakutaja kukubali wala kuridhia. Lakini kwa anayejua lugha ya pale, posa ilikuwa imejibiwa, na siku ile ile nilimpigia mchumba wangu nikamwambia sasa kamati yake inaweza kukaa.

NA MWENYEWE JE?

Katika kuhangaika na baba mdogo, mjomba na kamati, kuna mtu mmoja ambaye ni rahisi sana kumsahau. Bi harusi!

Aliyenikumbuka ni bibi yangu. Tulikuwa jikoni tunakuna nazi. Akauliza bila kunitazama: "Mjukuu wangu, wewe umemridhia?" Nikajibu, "Bibi, si wazee wamekubali?" Akasema, "Sijauliza wazee."

Nilinyamaza kidogo, halafu nikamjibu ndiyo, nimemridhia, na nikamweleza kwa nini. Mpaka leo naona lile lilikuwa swali zito kuliko yote niliyoulizwa, pamoja na lile la sheikh.

Sheria iko upande wa bibi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Ndoa kinataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, mwanamume na mwanamke. Ridhaa ya mzazi, kwenye kifungu cha 17, iliwekwa kwa ajili ya msichana aliye chini ya miaka 18, kwa kuwa kifungu cha 13 kiliruhusu aolewe akiwa na miaka 15 wakati mvulana anasubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo viwili mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaibariki hukumu hiyo.

Na kwa sisi Waislamu wa pwani, kuna wanaosema ukimya wa mwari ndiyo idhini yake. Ni kweli mafundisho hayo yapo, lakini yanaanza na sharti kwamba kwanza AULIZWE. Ukimya wa mtu aliyeulizwa na kuachiwa nafasi ya kukataa ni jibu. Ukimya wa mtu ambaye hakuulizwa ni ukimya tu. Siku ya ndoa, sheikh alipoingia chumbani na mashahidi kuuliza kama naridhia, nilijibu kwa sauti mpaka mama wakubwa wakacheka. Nilitaka asiwepo wa kunitafsiria.

NDANI YA NYUMBA NAKO

Usidhani haya yanaishia kwenye posa. Wenye ndoa ndio tunaongoza kwa "ndiyo" za bandia. "Poa tu." "Mi sina neno." "Fanya unavyoona." "Sawa bwana." Ukizisikia haraka haraka zote ni kukubali. Kumbe nyingi maana yake ni "nimechoka kubishana".

Nina shoga ambaye mumewe alitaka kuchukua mkopo, dhamana iwe nyumba wanayoishi. Akamwambia mkewe, mke akasema, "Fanya unavyoona wewe." Benki ikataka saini yake, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inataka mwenzi akubali kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Akasaini. Idhini ikapatikana, kila kitu safi. Lakini ridhaa haikuwepo. Biashara ilipoyumba, mume akasema, "Si ulisaini?" Mke akasema, "Nilisaini, sikutaka." Wote wawili walikuwa wanasema kweli! Ilibidi wakae na wazee jioni mbili nzima kutenganisha maneno hayo, na wanaendelea kulipa deni hadi sasa.

KABLA HUJAANZA KUCHANGISHA

Mwenzangu, ukipewa "ndiyo" yoyote kubwa, ya ukwe, ya mkopo, ya kuhama mji, jiulize haya.

1. Nani amesema? Mwenye kauli alikuwepo, au umejibiwa na mpokea wageni?

2. Amesema kwa kitenzi gani? "Tumepokea", "tumesikia" na "simkatai" ni hodi iliyoitikiwa. Mlango bado.

3. Kuna mkia? "Sawa, lakini..." Sikiliza kilichofuata baada ya lakini, hapo ndipo maneno yenyewe yalipo. Na ile "inshallah" sikiliza imesemwa kwa uso gani.

4. Kuna kitu kimepokelewa? Kwa wazee wetu mkono unajibu kabla ya mdomo.

5. Imeandikwa? Ahadi nzito ya mdomo ni ya kufurahia siku ile. Ya kutegemea ni ile ya karatasi.

6. Angeweza kukataa? Hili ndilo kubwa. Kama mwenzako akisema "hapana" nyumba inawaka moto, basi "ndiyo" yake usiihesabu. Mpe kwanza nafasi ya kukataa kwa usalama, ndipo umuulize.

Halafu jioni hii, chakula kikishaliwa na televisheni imezimwa, mchague jambo moja ambalo mwenzako alilijibu "fanya unavyoona". Muulize taratibu, bila mahakama: "Hivi lile ulikubali, au uliridhia?"

Akikaa kimya, usimjibie. Kazi kwako.